Mchuzi niliosema umechacha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Kochi, jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India. Nimemleta mama yangu kutibiwa goti. Tulifika mwanzoni mwa Juni na upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi, lakini lazima afanyishwe mazoezi kila siku, kwa hiyo daktari ametwambia tukae mpaka mwanzoni mwa Agosti. Tumepanga chumba kwenye nyumba ya wageni, mwendo wa dakika tano kutoka hospitalini kwa mwenye miguu mizima.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji mama alikataa kula. Uji aliuona mzito, mkate mkavu, wali wa hospitali akasema umepikwa na mtu asiyekula wali. Alikonda huku namwona. Siku moja tukirudi kutoka mazoezini, akasimama na magongo yake mbele ya mgahawa mdogo ulio njiani, akavuta pumzi, akasema, "Hapa wanapikia nazi." Tukaingia.

Ni mgahawa wa meza sita, wa mume na mke. Mume anahudumia mbele, mke yuko jikoni na vyungu vyake. Mchana unakaa tu, unatandikiwa jani la mgomba, unawekewa wali wa punje nene nyekundu, dengu, kabichi iliyokaushwa na nazi ya kukuna, achari, na mchuzi wa samaki. Wali ukipungua unaongezwa kabla hujasema. Siku ile mama alikula hadi akaanza kusimulia habari za bibi. Tangu hapo tukawa tunakwenda kila siku. Yule mwanamke akawa anatoka jikoni kuja kumtazama mama akila. Hawaelewani lugha hata kidogo, lakini hushikana mikono wakakaa hivyo hivyo. Mara mbili alimletea samaki wa kukaanga ambaye hatukumwagiza, na akakataa tusimlipe.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jumatatu ya wiki iliyopita mchuzi ulikuja tofauti, mwekundu mno, hauna tui. Nilipoonja nikakuta mchachu, uchachu wa kukaza taya. Mimi nimezaliwa Tanga, baba yangu alikuwa mvuvi, samaki nawajua. Kwetu mchuzi ukiwa mchachu namna ile, na huoni ndimu wala ukwaju, basi umechacha. Nikapekua kwenye jani nikakuta kipande cheusi, kilaini, kama gome lililoungua. Nikamwita yule mume, nikamuuliza kwa Kiingereza kama samaki huyu ni wa leo. Akatabasamu, akasema, "Wa jana." Alisema kwa furaha, Shangazi, kama anayejisifu.

Nikapandwa na hasira. Mama yangu mgonjwa, kidonda bado kibichi, analishwa kiporo cha samaki! Nikasimama nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza ambacho mle ndani kila mtu alikielewa, kwamba samaki ameoza na wanawalisha wagonjwa uchafu. Nikataja hata maji yao ya kunywa, maana huleta maji ya vuguvugu yenye rangi ya waridi, nami siku zote nilidhani ni kutu ya bomba. Watu wakaacha kula. Wawili waliokuwa ndio wanaingia wakageuka wakatoka. Yule mke akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Nikamwinua mama, tukaondoka. Sikulipa.

Jioni nikamsimulia mpishi wa nyumba ya wageni. Alianza kucheka, kisha akaacha. Akaniambia kile kipande cheusi ni tunda la kutia uchachu. Mchuzi ule hupikwa leo ili uliwe kesho, na bwana yule aliposema "wa jana" alikuwa ananipa habari njema. Maji nayo huchemshwa na vipande vya mti wa dawa.

Siku tisa zimepita. Tunazunguka njia ya nyuma ili tusipite pale, na kwa goti la mama njia ile ni ndefu. Mama hajanilaumu, ila amerudia kula matonge matatu na kusukuma sahani. Juzi akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kula kwa yule mama." Na kaka yangu aliyeko Dar ananipigia simu kila jioni, anasema nisimrudishe kule kabisa, mwenye presha hali pilipili na viporo vya mtaani, ninunue vyakula vya makopo dukani.

Nirudi vipi kwa watu wale, Shangazi? Na je, chakula kile kinamfaa mama kweli?

Binti wa mvuvi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole yangu, na hongera ya kusimama tena.

Barua yako imenirudisha mbali. Nilikaa Kochi miezi mitatu nikimuuguza marehemu mume wangu, na mchuzi unaousema naujua. Nami mara ya kwanza niliuogopa. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu anayeshangaa kosa lako. Nakuandikia kwa sababu nyumba ile ilimrudishia mama yako hamu ya kula, na siku mlizobakiza huko zinahesabika.

Kuanzia leo acha njia ya nyuma. Hilo liwe la kwanza kabla ya mengine yote. Goti lililokatwa na kuungwa halizungushwi mtaa mzima kwa ajili ya aibu ya mtu mwingine, hata kama huyo mtu ni mwanawe.

Kesho nenda peke yako, mama abaki. Usiende saa saba, wakati watu wamejaa na yule bwana anakimbia na ndoo ya wali. Nenda kama saa tisa alasiri, majani yameshaondolewa, mke ametoka jikoni kupumzika. Fika na pesa za mlo ule mkononi, kamili, za watu wawili. Usiziongeze hata rupia moja. Ukiongeza utaonekana umekuja kununua msamaha, na mtu aliyemlisha mama yako samaki wa bure mara mbili hawezi kuipokea pesa hiyo bila kuumia. Deni ni deni, lilipwe kama lilivyo.

Kule mwanamke aliyekuzidi umri kidogo humwita *chechi*, dada mkubwa, na mwanamume humwita *chettan*, kaka mkubwa. Kama ni watu wazima wa rika la mama, *chechi* na *chettan* bado hazitawavunjia heshima, maana hata wateja wao huwaita hivyo. Ukishawaita, sema *kshamikkanam*. Ndiyo "nisamehe" ya Kimalayalam, na itakutoka vibaya mdomoni, lakini watakuelewa. Baada ya hapo endelea kwa Kiingereza chako, maneno machache: nilisema chakula chenu kimeoza, haikuwa kweli, sikukijua, na niliwatia aibu mbele ya wateja wenu. Ishia hapo. Usianze habari ya ugonjwa wa mama, wala uchovu, wala kwenu mchuzi ukoje. Hayo yote ni kweli, ila ukiyatia kwenye msamaha, wao ndio watalazimika kukufariji wewe.

Najua kwetu ungetafuta mtu mzima akutangulie, na pengine umefikiria kumtuma yule mpishi wa nyumba ya wageni. Usimtume. Maneno yalitoka kinywani mwako, kwa Kiingereza ulichokichagua ili kila mtu akuelewe. Nenda nacho hicho hicho.

Wakikataa pesa, ziweke mezani taratibu na uage. Wakinyamaza, pia aga kwa adabu. Wana haki ya kukasirika siku mbili tatu, kwani ulifukuza wateja wawili, na mgahawa wa meza sita unaishi kwa jina lake mtaani. Wewe endelea kupita njia ya mbele na kusalimu kila siku.

Ila msamaha wa saa tisa, mkiwa watatu tu, hautoshi. Ulisema mbele ya watu. Kwa hiyo mkishapatana, mpeleke mama mchana, wakati meza zote zimejaa, mkae katikati, na wewe uombe mchuzi ule ule mwekundu wa jana. Uombe kwa sauti ya kusikika. Ule mpaka jani libaki tupu. Wateja wengi wa mgahawa kama ule ni wale wale wa kila siku, na kati yao watakuwepo waliokusikia. Wakikuona binti yule yule anaongeza wali ili amalize mchuzi, watakuwa wamejibiwa. Ukimaliza likunje jani kuelekea upande wako. Kule kwenye karamu ndivyo wanavyoonyesha kwamba wameshiba na wameridhika.

Sasa nataka uujue mchuzi huo, kwa sababu hutaula kwa moyo kama bado unauogopa.

Ulivyoonja ulitumia elimu ya kweli, elimu ya Tanga. Sisi samaki tunampika kwa tui, na mchuzi wa tui haulali. Ukiachwa usiku kucha bila barafu, asubuhi umechacha, na ulimi wa mtoto wa pwani umefundishwa tangu utotoni kuukataa. Ulimi wako ulifanya kazi yake. Kilichokosea ni kwamba chungu kile hakikuwa na tui hata tone. Huo ni mchuzi wanaouita *meen vevichathu*, mchuzi wa samaki wa upande wa Kottayam, kusini mashariki mwa Kochi. Una pilipili nyekundu, vitunguu vidogo, kitunguu saumu, tangawizi, majani ya kari, na kile kipande cheusi, *kudampuli*. Tui halitiwi, ndiyo maana unaweza kulala.

Kudampuli ni tunda. Likiiva, kabla ya kukaushwa, lina rangi ya manjano na mifereji pembeni, unaweza kudhani ni boga la kuchezea watoto. Hulipasua, hulianika juani na kulikausha kwa moshi mpaka linakuwa jeusi na kukunjamana. Lina harufu ya moshi na uchachu mkali ambao hauchomi upesi kama ndimu. Unaingia polepole. Samaki akikaa nao usiku kucha ndani ya chungu cha udongo, uchachu na pilipili hufika hadi mfupani, nyama inakaza badala ya kuporomoka, na ukali wa pilipili unatulia. Ule wa siku ile ile una ladha mbili, ya mchuzi mbali na ya samaki mbali. Wa kesho yake ni kitu kimoja. Wapishi wa kule wanajua pia kwamba uchachu huo huchelewesha samaki kuharibika, na kabla ya friji kufika majumbani ndiyo ilikuwa njia yao ya kuulaza. Ndiyo maana bwana yule alisema "wa jana" akitabasamu. Alikuwa anamwambia binti wa mgonjwa wao kwamba leo amebahatika.

Na mwanangu, hata uchachu kwenye samaki si mgeni kwetu. Huko nyuma ya nyumba nyingi za Kerala kuna mti unaozaa vitunda vya kijani shinani, wanaviita *irumban puli*, navyo huvitia kwenye mchuzi wa samaki. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimama kwenye ua wa watu nikavishika kwa mkono. Ni mbirimbi! Mbirimbi hizi hizi tunazotilia achari na mchuzi. Msimu wa maembe mabichi huyatia kwenye samaki wa tui, kama sisi. Upepo wa kusi unaovuma huko kwenu Tanga sasa hivi ndio ule ule unaoinyeshea Kerala mvua za Juni, na majahazi yalikuwa yakienda nao India na kurudi kwa kaskazi kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Halafu kuna mihogo. Siku mchuzi ule ukiwepo, usiule kwa wali. Muulize *chechi* kama ana *kappa*. Ni mihogo iliyochemshwa ikapondwapondwa na nazi, manjano na pilipili mbichi, na kwa mchuzi mwekundu wa samaki hakuna mwenzake. Muhogo ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno, kwao kama kwetu. Mfalme wa Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa Kerala, Visakham Thirunal, aliyetawala kuanzia 1880 hadi 1885, ndiye anayekumbukwa kwa kuwahimiza watu wake waulime, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchele wa Burma ulipokatika, muhogo ndio ulioshikilia nyumba nyingi za kule. Bado ni chakula cha watu wa kawaida na wanaupenda bila kuuonea haya. Mama yako akiuona kwenye jani atajua la kufanya.

Na yale maji ya waridi. Ni maji yaliyochemshwa na vibanzi vya mti uitwao *pathimugam*, ndivyo vinavyotoa rangi. Nyumba na migahawa mingi ya Kerala huyanywa hayo, yakiwa ya moto au ya vuguvugu. Kitu pekee cha kuuliza, na uulize kwa upole, ni kama maji yote yamechemka, kwa sababu wapo wanaochanganya na maji ya bomba ili yapoe haraka. Kwa mgonjwa hilo lina maana kuliko rangi.

Sitaki nawe uondoke kwenye barua hii ukidhani kuuliza habari za samaki ni utovu wa adabu. Kerala wenyewe wanauliza. Juni 2018 maofisa wa usalama wa chakula wa jimbo lile walikamata maelfu ya kilo za samaki waliotiwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, wakiingizwa kutoka majimbo jirani. Tangu hapo akina mama wa sokoni na wateja wao wanachunguzana vizuri. Na nyinyi mmefika katika majira magumu ya samaki, kwani kila mwaka kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni hadi mwisho wa Julai, siku 52, meli za kukokota nyavu haziruhusiwi kutoka Kerala, ili samaki wazaliane. Mitumbwi na boti za wavuvi wadogo zinaendelea, mvua ikiruhusu. Kwa hiyo miezi hii utakuta samaki wadogo wa karibu na pwani, kama *mathi*, ndugu wa dagaa wakubwa wetu, na *ayala*, ambao ni vibua. Wakubwa kama nguru mara nyingi wametoka mbali na wamekaa kwenye barafu. Mtoto wa mvuvi hana haja ya kufundishwa kutazama jicho na shavu la samaki. Ila kwenye mchuzi jicho halionekani, basi kumbuka hivi: samaki aliyeharibika ananuka kwa ukali unaopanda puani, nyama yake inaporomoka, na vibua au jodari waliokaa juani huweza kuuwasha ulimi na midomo kama pilipili hata kama pilipili haimo, na kuwapika tena hakuondoi sumu hiyo. Uchachu safi, nyama iliyokaza, harufu ya moshi, hiyo ni kudampuli. Na ukitaka kuuliza, muulize *chechi* jikoni, si mume mbele ya meza za watu: "Leo kuna samaki gani? Umemnunua lini?" Mpishi anayejali atafurahi kuulizwa, na pengine atakufunulia chungu.

Tuje kwa mama. Kaka yako anampenda mama yenu na yuko mbali, na mtu wa mbali hushika lile analoliweza, yaani simu. Usigombane naye. Lakini kwenye makopo amekosea. Kwa mwenye presha jambo la kwanza la kuangalia ni chumvi, na vyakula vya makopo vingi vina chumvi ya kutosha kumrudisha mama hospitali. Pilipili si tatizo lake kubwa, labda kama tumbo linamuuma. Kwenye jani lile chumvi imejificha kwenye achari, kwenye papadamu, vile vimkate vyembamba vikavu, na kwenye samaki mkavu wa kukaanga. Hivyo vitatu aviache, au achukue achari ya ncha ya kidole kwa siku anayotamani sana. Mchuzi wenyewe achukue nyama ya samaki zaidi na rojo kidogo. Sema *uppu kurachu*, chumvi kidogo, na *erivu kurachu mathi*, pilipili kidogo inatosha. Kwa siku ambazo mwekundu ni mkali mno kwake kuna *meen moilee*, samaki wa tui jepesi na manjano, tangawizi na pilipili mbichi nzima anazoweza kuziweka pembeni. Nahisi ndiyo harufu iliyomsimamisha mlangoni siku ile.

Kidonda kinahitaji nyama mwilini ili kifunge, na samaki anayeliwa kila siku ni bora kuliko supu ya kopo inayosukumwa pembeni. Hata hivyo mimi si daktari. Hospitali hizo zina wataalamu wa lishe, na uliza kama kumuona mmoja kumo ndani ya gharama mliyokwisha kulipa. Mwombe miadi wiki hii. Mwelezee jani zima, kitu kwa kitu, umtajie na dawa zote za mama, hasa kama amepewa za kuzuia damu kuganda. Kisha mpigie kaka yako mkiwa na huyo mtaalamu ofisini, amsikie mwenyewe. Simu za jioni zitapungua.

Mambo mawili madogo kabla sijasahau. Madukani utaona vidonge vilivyotengenezwa kwa tunda hilo hilo la kudampuli, vinauzwa kwa ajili ya kupunguza unene, kwa jina la Garcinia. Usimnunulie mama wala wewe mwenyewe. Dawa za namna hiyo zimehusishwa na watu kuumia ini, na kipande kimoja kwenye chungu cha samaki ni habari nyingine kabisa. La pili, asubuhi mkiona *appam*, ule mkate mweupe wa mchele wenye ukingo wa kukauka na katikati laini, mama ataupenda kwa sababu atamkuta humo ndugu wa vibibi. Kwa desturi ya zamani huumuliwa kwa tembo la mnazi. Siku hizi wengi hutumia hamira, ila kama kwenu mnajihadhari, uliza kwanza.

Kuhusu zawadi, najua moyo unakusukuma. Usipeleke kitu siku ya msamaha. Na viungo usipeleke kabisa, kwa Wakerala hiyo ni kumpelekea mvuvi samaki. Kama mama ana doti ya kanga mpya kwenye sanduku, na nina hakika anayo, sijawahi kumwona mama wa Tanga akisafiri bila kanga ya akiba, basi siku mnayoaga ampe yule mwanamke yeye mwenyewe kwa mikono yake. Amfunge moja kiunoni, amtandie ya pili mabegani, amsomee jina la kanga na wewe utafsiri. Wale wawili walikuwa wakielewana kabla hujaharibu, watajua wenyewe waendelee wapi.

Na kabla hamjafunga mizigo, mwombe *chechi* amruhusu mama akae jikoni asubuhi moja, kwenye kiti, goti limenyooshwa, atazame mchuzi mwekundu unavyopikwa tangu kudampuli inavyolowekwa mpaka chungu kinapofunikwa kilale. Tanga nguru yupo, mihogo ipo, vyungu vipo. Muulizeni kile kipande cheusi ananunua kwa nani.